Tochi ya Nesi

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Nafanya kazi karashani huku Mwakitolyo, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Jioni tukitoka, mlinzi anatumulika tochi mdomoni, mtu asije akaondoka na dhahabu ya tajiri. Unanyanyua ulimi, unavuta mashavu, unavua viatu, ndipo unaruhusiwa kwenda kwako.

Juzi nikaenda kliniki na mimba yangu. Nesi akanipima presha, akaguna, akapima tena. Kisha akatoa tochi.

"Mayu, fungua mdomo," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nikaufunga kabisa. Presha inapimwa mkononi, sasa mdomoni anatafuta nini? Halafu asubuhi nilimwona akisalimiana na mlinzi wetu. Kumbe tajiri ana watu wake mpaka huku!

"Ukipiga mswaki, unatoka damu?" akauliza kwa upole.

Wapelelezi wote huanza kwa upole. Nikapaza sauti, foleni nzima isikie: "Mimi siyo mwizi! Haya, pekua!" Nikanyanyua ulimi, nikavuta mashavu, nikavua na viatu, nikavikung'uta mbele yake.

Nesi akainama, akamulika taratibu.

"Fizi zimevimba, mayu, zinavuja damu. Ugonjwa wa fizi unahusishwa na presha ya mimba, na presha hiyo huweza kuwaletea wajawazito matatizo makubwa, hata kifafa cha mimba. Leo hii utamwona daktari kwa hiyo presha, kisha wa meno."

Akazima tochi, akaitazama miguu yangu mitupu.

"Viatu vaa tu. Huko sina ninachotafuta."