Miguu ya Upande wa Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani asiyeweza kukaa. Watu wa mtaa wetu wa Nateete walisema ndiyo maana alichagua cherehani ya miguu: mikono inashona, miguu inakwenda. Mama alikuwa kinyume chake. Akitandika mkeka barazani asubuhi, kivuli ndicho kilichomzunguka.

Mimi na kaka yangu tulikuwa mapacha. Tulikula chungu kimoja, tukalala kitanda kimoja. Yeye akatulia kama mama. Mimi, wanasema, nilisimama kabla sijajua kukaa vizuri. "Hii miguu si yako," bibi mzaa baba aliniambia alipotutembelea kutoka kaskazini. "Ni yangu, nimekuazima tu." Juzi redioni nilimsikia mtaalamu akisema kwamba hamu ya kujongea, au ya kutulia, kwa kiasi fulani mtu huzaliwa nayo. Nilikuwa ndani ya basi, nikielekea mji nisiokuwa na shughuli nao, nikacheka peke yangu.

Tulipokuwa bado wadogo, ukaja ule wakati vitambaa na nyuzi vilipopotea madukani, pamoja na sukari, chumvi na sabuni. Cherehani ikanyamaza, baba akaanza kutembea. Asubuhi ukungu wa bondeni ulimmeza kuanzia miguuni, nami nikidhani anaelea. Lakini miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mtu anayetembea bila shughuli alikuwa mtu wa kuulizwa, na baadhi ya walioulizwa hawakurudi. Mama hakumwambia akae. Alijua ni bure. Alimpa chupa tupu. "Wakikuuliza, Baba Pacha, unatafuta mafuta ya taa. Nani hatafuti mafuta ya taa?"

Chupa ile ilimvusha vizuizi vingi, mpaka siku alipoyapata mafuta yenyewe. Mwenye duka mmoja wa Kisenyi alimjazia. Mtu mwingine angegeuka nyumbani mbio. Baba, kwa furaha, aliendelea mbele kuelekea Luzira, akalitazame ziwa.

Kizuizini askari aliinusa chupa, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe mzee, naenda wapi?"

"Natafuta mafuta, afande."

"Mafuta si hii? Nyumba yako iko wapi?"

"Nateete."

"Nateete iko nyuma yako! Kaa chini."

Akakaa juu ya lami, jua likimpanda na kumshuka. Mwishowe walichukua mafuta, yeye wakamwachia. Alitusimulia jioni akicheka. "Bunduki sikuiogopa sana," alisema. "Kule kukaa ndiko kulikotaka kuniua."

"Kwa hiyo kesho nikupe chupa yenye tundu?" mama akauliza.

Kaka yangu alicheka. Mama hakucheka. Aliinuka, upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, akaenda kulifunga lango la ua kwa kamba. "Tembea humu," akasema, akageuza uso.

Basi baba akatembea humo. Jioni baada ya jioni aliizunguka nyumba, mimi nyuma yake, moshi wa kuni ukitupita, majani yakilala chini ya nyayo zetu hadi ikawa njia. Kaka yangu alisinzia pajani mwa mama. Kila tulipopotelea nyuma ya nyumba, sauti ya mama ilitufuata, ya chini, kama ya mtu anayeota.

"Mpo?"

"Tupo," baba alijibu, nasi tukatokea upande wa pili.