Matone ya Kukhu

Juzi, katika kliniki ya macho hapa Kitale, nesi alinitia matone ili wachunguze kama ugonjwa wa sukari umeniharibu macho. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, Bungoma. Nyanya yangu, Kukhu, alikaa kwenye benchi la kliniki ya macho kando yangu akinuka sabuni na moshi wa kuni, matone yakimtiririka mashavuni. Nilidhani wamemwongezea machozi, kwa kuwa yake yaliisha tulipomzika babu.

“Kukhu, sasa yametosha?”

“Ati nini? Wewe nishike tu mkono, sioni vizuri.”

Nikamwongoza hadi stendi huku nikiringa.

“Mama, umekuja na nani wa kukushika mkono?” nesi aliniuliza juzi.

“Yuko nje,” nikadanganya, kisha nikatoka nikipapasa ukuta.