Misumari ya Mama Pindo

Asubuhi mawingu yameshatanda, na Mama Pindo anaisukuma cherehani yake kwa nyonga kuelekea ukutani, mikononi kakumbatia gauni la bibi harusi. Hatazami juu. Anajua tone la kwanza litaangukia wapi, la pili wapi, na ni beseni lipi huwahi kujaa.

"Mvua ikianza, mimi na cherehani tunahama," anasema huku akicheka. "Ikizidi, tunahama tena. Humu ndani wapangaji wa kudumu ni mabeseni."

Ameshona katika chumba hiki tangu ujana wake. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo alizokunja yeye hazifumuki ng'o. Sare za shule ndizo zinazomlisha, magauni ya harusi ndiyo yanayompa sifa.

Mwaka jana tone lenye kutu lilidondokea gauni jeupe, ndoa ikiwa imekaribia. Alinunua kitambaa kingine kwa pesa yake, akashona upya. "Yule binti alinishukuru sana. Lakini mdogo wake alipoolewa, hawakuja kwangu. Nitawalaumu?"

Binti yake wa pekee alishasema mpaka akachoka. "Mama, toa paa lote, weka jipya. Pesa ya kuanzia si unayo?" Kweli alikuwa nayo, akiba ya misimu mitatu ya sare. Mafundi wawili waliitwa, wakapima, wakanyweshwa chai na kuagwa kwa heshima zote. Mama Pindo alitaka kiraka tu.

Sababu anaieleza taratibu, akizichomoa pini mdomoni moja moja. Paa hili liliezekwa na marehemu mumewe, seremala wa vitanda. Mvua ya kwanza tu, likavuja. Basi kaka zake Mama Pindo wakapata la kusema. Kila walipokuja kumsalimia dada yao, hawakukosa kumtania: "Shemeji, rudi kwenye vitanda vyako, paa limekushinda!" Naye alikuwa akicheka pamoja nao, halafu siku nyingine anapanda juu na kopo lake la lami.

"Hakuwajibu hata mara moja," anasema mjane wake. "Mpaka anakufa, kwao ni fundi mbovu. Sasa na mimi nikiling'oa, si nitakuwa nimekubaliana nao? Nikasema bora nilowe."

Mwezi uliopita akaja fundi wa tatu. Mtaani wanamwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Alipanda ngazi akiongea, akakagua mabati akiongea, kisha akanyamaza kweli. Mama Pindo aliyekuwa chini akaingiwa na hofu.

"Mama," Kimya akaita, "hapa walifanya kazi mafundi wangapi?"

"Mmoja tu. Mume wangu."

"Aa, mama, hapana. Upande wa sebuleni misumari yote imepigwa mgongoni mwa bati, ndivyo inavyotakiwa, ili maji yateremke bondeni. Huku kwenye cherehani imepigwa humo humo bondeni, maji yanapopita. Lazima livuje! Ila aliyepiga ana mkono, jamani. Imenyooka utadhani mshono."

Alikuwa anasifia, maskini. Mama Pindo alikaa chini hapo hapo penye ngazi.

Aliikumbuka siku ile. Mumewe alishika upande mmoja wa paa, na yeye, mke wa miezi michache, akapanda na nyundo upande wa pili, majirani wakimshangilia. Mgongoni bati lilikuwa linabonyea na msumari unacheza. Akaona bondeni pametulia, akaufuata mstari kama anavyofuata mshono kwenye kitambaa. "Nilijiona hodari, we acha tu!" anasema. Mumewe, anadhani sasa, hakuona mpaka kazi ilipokwisha, na mabati mengine hawakuwa na uwezo wa kuyanunua.

"Kuna jambo jingine," Kimya akaendelea kutoka juu. Alikuwa amebandua lami. Chini yake kulikuwa na matundu yaliyozibwa kwa vipande vya bati, na pembeni ya kila tundu, mgongoni, msumari umepigwa upya. Mmoja mmoja, kuanzia ukingoni mpaka katikati ya paa. "Kuna mtu alikuwa anaihamisha, mama. Naona hakumaliza."

Hapa Mama Pindo anaweka gauni kando asije akalilowesha yeye mwenyewe.

"Nilikuwa nikienda kununua vitambaa, nikirudi namkuta juu na lami yake. Namuuliza, vipi tena? Ananijibu, mabati ya siku hizi hovyo. Kumbe ananistiri! Anachekwa mbele yangu, na mimi namtilia chai, namwambia asiwajali."

Siku ile ile alimwambia Kimya atoe paa lote. Mbao na mabati mapya yameshapangwa uani, kazi inaanza Jumatatu mvua ikiruhusu. Binti yake alimuuliza kama angependa kubaki na bati moja la zamani, la kumbukumbu. "Bati lenye matundu la nini?" akamjibu. Chumba kikikauka, anataka kuweka cherehani ya pili na kuchukua tena magauni mengi ya harusi msimu wa mvua, si moja moja kama sasa.

Lakini kabla ya hayo ana shughuli moja. Amewaita kaka zake Jumatatu asubuhi, kabla bati halijang'olewa hata moja. Wao wanadhani wanakuja kubeba mbao.

"Nitawapandisha juu wote, na uzee wao huo," anasema. "Kimya atawaonyesha ile misumari, mimi nitakuwa chini nimeshika ngazi. Nitawaambia, fundi mliyekuwa mnamcheka ni dada yenu. Haya, chekeni."