Kundi Lililogoma Kuongozwa

Siku tatu mfululizo simu ya Shangazi Zipu ilikaa kimya, na kimya hicho kilimkera kuliko kelele zote za cherehani.

Kazi yake ni kurekebisha mabegi yaliyorudishwa katika kiwanda cha mabegi ya shule. Miaka mitano iliyopita alifungua kundi kwenye simu, akaunganisha mafundi wa kushona wa kila aina: wa viti vya magari, wa mahema, wa viatu. Wengi hajawahi kuwaona. Kundi halina mkubwa, lina desturi moja tu: huleti wazo kabla hujaonyesha picha ya kitu ulichoharibu mwenyewe. Aibu kwanza, maneno baadaye. Humo ndimo ulimotoka mtindo wa begi lenye kitako cha tabaka mbili, ambalo kiwanda kililiuza na meneja akapongezwa.

Jumatatu meneja akaomba aingizwe. "Nitakaa kimya tu, mama."

Kufikia saa sita mchana alikuwa ameshajifanya mwenyekiti. Aliteua katibu na kamati tatu, akatuma fomu ya kuwasilisha mawazo.

Wiki hiyohiyo shule moja ilirudisha mabegi arobaini, mikanda imeng'oka mabegani. Isipopata dawa kufikia Jumamosi, itahamia kwingine, na meza ya Shangazi ndiyo itafungwa kwanza. Akatuma picha ya mkanda uliong'oka. Jibu likaja: "Limepokelewa. Litafikishwa kwenye kamati."

Aliyejibu ni Sindano Butu, mshona mahema, mropokaji wa kundi. Shangazi akampigia.

"Wewe umelogwa?"

"Mimi ni katibu sasa, Shangazi. Katibu haropoki."

"Nani kakwambia nataka katibu? Nataka mkanda."

"Bosi wako yumo humu. Nikionyesha hema la mteja nililochana, si ataniona mbumbumbu? Kila mtu anaogopa, basi tu."

Shangazi akakata simu. Kupitia kioo cha ofisi alimwona meneja akichora mishale ubaoni, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi. Kundi alilifungua yeye. Wa kumtoa mtu ni yeye peke yake. Akabonyeza. Kisha akatuma picha ileile upya.

Dakika tatu hazikupita. Mshona viti vya magari akaleta picha ya kiti kilichochanika vibaya. "Nimeua vitatu ndipo nikajua. Ukishona mstari mmoja unatoboa kitambaa mpaka kinachanika chenyewe. Weka kiraka cha turubai ndani, mkanda uulaze mshazari."

"Mshazari upande gani?" akauliza fundi viatu.

"Upande wa akili," akajibu Sindano Butu, kisha akatuma picha ya hema lake.

Wakabishana hadi saa kumi. Saa kumi na moja begi lenye matofali lilikuwa linaning'inia kwenye ndoano, mikanda imeshika.

Meneja akaja, simu mkononi. "Mama, kundi limepotea kwangu."

"Halijapotea, bosi. Nimekutoa."

"Kwa kosa gani?"

"Walikuwa wanakuogopa, wakaacha kusema. Na mimi Jumamosi yangu inakuja."

Meneja akalitazama begi. "Mimi naogopesha?" Akalisukuma kidogo, halikung'oka. "Sawa. Niambie basi ni wazo la nani, nipeleke jina juu."

Shangazi akapekua ujumbe mmoja baada ya mwingine, akashindwa kuona lilipoanzia. Akaguna, akampa tofali.

"Panda kiti uliongeze begini. Bado hilo moja."