Yai Lisilo Viza

Wifi yangu ndiye aliyeniita viza. Alilitamka neno hilo jikoni mwangu, Timbwani, huku akichambua mchicha wangu, akiwaeleza wageni wake kwamba kaka yake ameoa yai viza na sasa anamtafutia mke wa pili kule Bofu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakushtuka, aliniuliza tu chumvi iko wapi.

Sisi watu wa Pwani tunajivunia Kiswahili chetu, hivyo tusi liliniuma mara mbili. Viza ni yai lililotagwa, likaatamiwa, likaoza. Yangu hayakuwa yamefika hata huko.

Daktari alinionyesha kwenye skrini. Yai la mwanamke, alisema, halikui peke yake. Hukaa ndani ya kifuko, limezungukwa na seli zinazolilisha, na pande hizo mbili husemezana kwa vichocheo vya ukuaji: yai huzihimiza seli ziongezeke, nazo hulirudishia chakula na ishara. Ubongo unapotuma homoni ya kulitoa, vichocheo vingine huipokea amri hiyo kwenye ukuta wa kifuko na kuifikisha ndani, yai likamaliza kupevuka na kuchopoka. Vifuko vyangu vilianza vyema, kisha vikasimama njiani, vidogo vidogo, kama shanga. Masemezano yalikuwa yamevurugika.

"Kwa hiyo yameoza?" nikamuuliza.

"Ni mabichi," akasema. "Tutayapevusha."

Wifi sikumwambia. Nilimwacha aendelee kunitangaza, arusini na matangani, ili siku ya kumlipa mashahidi wasikosekane.

Mume wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake nimekuhesabu pia. Aliyenisindikiza kliniki, kwa vidonge, picha na sindano, ni jirani yangu wa Kigiriama, mama Mkristo auzaye mbaazi na mahamri. Alinishika mkono nikidungwa, akanitania kwamba kuku wake hawajawahi kubembelezwa hivyo ili watage.

Nikazaa mtoto wa kike. Habari za mke wa Bofu zikafa bila tanga.

Katika ukoo wa mume wangu, siku ya arubaini shangazi ndiye humtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza na kumwonyesha kwa watu. Nilialika kila mwanamke aliyewahi kusikia neno lile. Wifi akaja amejifukiza udi, mikono kaitandaza.

"Nipe mwanangu," akasema. "Hii damu yangu."

Nikampita, nikamweka mtoto mikononi mwa jirani.

Jirani akaninong'oneza kwamba yeye hata si wa dini yetu. Nikamwambia atoke tu, watu wanangoja.

"Wifi," akaniita dada wa mume wangu kwa sauti ya chini, "wanitia aibu mbele za watu."

"Ndiyo maana nimewaita."

Wanawake wakamfuata mtoto uani kwa vigelegele. Wifi akabaki na mikono yake mitupu. Nikaketi kumkabili, nikamtazama mpaka alipoishusha.

Mume wangu amenisihi mara nyingi nimwombe radhi dada yake, akisema kisasi hakimshibishi mtu. Huenda asemalo ni kweli kwa wengine. Mimi nililala nimeshiba, na mpaka leo, binti yetu akiwa darasa la nne, sijapata njaa.