Atupele, aliyeshona kivuli cha dirisha

Nimeandika neno "marehemu" nikalifuta. Nimeliandika tena. Jamani, Atupele wetu ametutoka, na akili yangu inagoma kabisa.

Kwa ambao hamkumjua: Atu alikuwa partner wangu kwenye karakana yetu ndogo hapa Mlandege, Iringa. Tulishona kwilti, yale matandiko mazito ya kitanda ambayo juu yake unashonea vipande vya vitambaa kwa cherehani mpaka vinatoa picha. Mimi nilikuwa fundi wa mashine. Dizaini zote zilitoka kwake.

Na alizitoa wapi? Weee!

Tembo na twiga hakutaka hata kuwasikia. "Hao wanyama wamechoka, dada. Tuwaache wapumzike."

Siku moja alirudi kutoka kwao Uyole, Mbeya, na kabichi la zambarau, akalikata katikati juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nikamfokea, meza inalowa! Akanishika kichwa akaniinamisha. "Acha kelele. Angalia." Nikaiangalia ile mikunjo ya ndani, inavyozungukana. Kwilti ya kabichi ndiyo iliyofanya watu wa mjini watujue.

Tukisafiri kwenda Mbeya, basi likisimama Nyololo wenzake wananunua mahindi, yeye yuko chini anapiga picha alama za matairi ya malori kwenye tope.

Lakini ninayoikumbuka kuliko zote ni oda ya Mama Zarina, mwenye duka la vitambaa. Binti yake alikuwa anaolewa, anahamia mbali. Mama alitaka maua ya waridi, alishayaona mtandaoni. Mimi nikasema sawa, customer ameshasema.

Atu akamuuliza, "Mama, Zarina akiwa mdogo alikuwa anacheza wapi?"

"Hapahapa dukani. Chini hapo, mimi nikihudumia wateja."

Jua la mchana lilikuwa linapita kwenye nondo za dirisha, zile za zamani zenye mapambo, na kivuli chake kimelala sakafuni. Atu akapiga magoti, akatoa chaki, akaanza kukifuatisha haraka haraka kabla hakijasogea.

"Nimesema waridi, binti! Unanichafulia sakafu."

Niliogopa oda imepotea. Atu akashikilia msimamo: tushone kivuli hicho, Mama akiikataa kwilti tutabaki nayo wenyewe.

Mama Zarina alipokuja karakanani aliikunjua. Kisha akakaa chini kwenye sakafu yetu, mtu mzima, akalia. "Ni palepale," akasema. "Ni pale alipokuwa anakaa mwanangu."

Mwaka huu figo zikaanza kumsumbua Atu. Akalazwa Mbeya, karibu na ndugu zake. Nilipokwenda kumwona nilimkuta amelala chali, amekazia macho dari. Kulikuwa na doa la maji ya mvua, kubwa, la kahawia.

"Dada, chora lile."

"Atu, unaumwa!"

"Naumwa, sijawa kipofu. Chora."

Nikachora huku machozi yananitoka, na yeye ananisahihisha kwa sauti ndogo. "Hapo umekunja sana. Legeza."

Nilikuwa katikati ya kushona kwilti ya lile doa simu ilipoita.

Nilikwenda na kwilti msibani Uyole hivyohivyo, nyuzi zinaning'inia, upande mmoja haujaguswa. Niliona hata aibu kuitoa. Mama yake, ambaye miguu haikumruhusu kufika wodini hata mara moja, akaniuliza ni picha ya nini. Nikamwambia: ni doa la dari, juu ya kitanda chake kule hospitalini. Alitaka mwenyewe niishone.

Mama akaipapasa taratibu, mwisho hadi mwisho.

"Kwa hiyo hiki ndicho alichokuwa anakitazama," akasema, kisha akanishukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga, mwanangu. Umenifikisha."

Akajifunika nayo mabegani. Nikamwomba niirudishe Iringa nikaimalizie. Akakataa.

Atu, mdogo wangu, tumekuzika vizuri. Watu walijaa.

Leo asubuhi nimefungua karakana, mteja akaingia akaulizia dizaini mpya. Nikageuka nikakuita jina. Kwa sauti kabisa, Atu. Yule mteja akabaki ananitazama.

Pumzika, mpenzi wangu. Lala, usingizi wako uwe mwema.