Usikate Sauti, Kaka

Nianze kwa kukuambia kwamba sikuwa nimelewa. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza kila nikisimulia, na limeshanichosha. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Rwamgasa liko utosini, mama lishe anapakua ugali, kuku wanapekua pembeni. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu nisikilize.

Mdogo wangu anaitwa Doto. Basi na jina langu umeshalijua, sina haja ya kulitaja. Tulizaliwa siku moja kule Samuye, mimi nikatangulia, na kwa dakika hizo chache alinipa heshima ya ukaka maisha yake yote. Nasema anaitwa, sisemi aliitwa. Nivumilie hapo.

Baba alitufundisha zeze, kibuyu chenye uzi mmoja na upinde wa kuukwaruza. Kwetu watu wakilima shamba kwa pamoja, mpiga zeze husimama mbele yao. Sauti ikiendelea, majembe yanaendelea. Sauti ikikatika, migongo inanyooka, watu wanakunywa maji. Kwa hiyo tangu utotoni nilijua kwamba kukata sauti si mchezo, kuna watu wanaisikiliza kwa mwili mzima.

Sisi wawili tukaifikisha mbali zaidi. Tulianza kupiga bila wimbo. Mimi nashika sauti moja kwenye uzi, upinde unakwenda na kurudi bila pengo, nusu saa nzima, na Doto anaingia mdomo umefumbwa, mmmmm, palepale sauti yangu ilipo, hapandi wala hashuki. Hatukupanga kitu. Nani atabadilisha na lini, hatujui. Ukisikia kwa mbali utasema hawa wamekwama. Lakini kaa nayo kidogo. Utaisikia inatetema, inanenepa, inakonda, na ndani yake kunatokea sauti nyingine ndogo ambayo si yangu wala si yake. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Siku moja tulipiga kwenye baa moja pale Kalangalala. Watu wakapiga kelele, "Wimbo gani huo hauna kichwa wala miguu? Pigeni kitu tucheze bwana!" Doto akaninong'oneza, "Kaka, usikate. Wape dakika kumi tu." Na kweli, niamini, walinyamaza. Jamaa mmoja alilia akasingizia moshi wa nyama.

Lakini muziki wa namna hiyo haujazi tumbo, tukaingia machimboni. Shimo la kuchimbia dhahabu tunaliita duara. Kifua changu kibovu, chini sishuki, kwa hiyo Doto akawa mchimbaji na mimi nikawa mlinzi wa mdomo wa duara. Hapo ndipo tulipoleta mambo ya Samuye. Nikafunga maiki ndogo kwenye zeze na spika ya kuchaji, tukakubaliana na wenzetu wote: mtu akiwa chini, zeze linalia. Likiendelea, shwari. Likikatika, acha ulichoshika, kimbilia duarani. Walitutania sana, eti sisi tunachimba kwa harusi. Lakini walizoea, na kila mtu alifanya kazi zake huku sikio moja liko kwangu.

Siku hiyo wenzetu walikuwa wanakula. Doto akafunga tochi kichwani.

"Kaka, nashuka kuangalia matimba mara moja." Matimba ni ile miti ya kuzuia udongo.

"Kula kwanza, Doto."

"Nduhu, nitakula nikipanda. Nifunikie tu ugali wangu, nzi wasinitangulie."

Akashuka. Nikakaa kwenye kigogo changu nikaishika sauti. Baada ya muda ardhi ikatikisika kidogo. Sasa uelewe, pale karasha la kusagia mawe linatikisa ardhi kutwa, hata chai kwenye kikombe haitulii. Sikushtuka. Ningeshtuka nini?

Muda si mrefu Doto akaja akakaa pembeni yangu, upande wa kushoto, kama kawaida yake. Niliona magoti yake yamejaa vumbi jeupe. Nilisikia harufu ya udongo mbichi. Nikasema, "Umepanda saa ngapi wewe?" Na mkono wangu ukaanza kulegea ili nikate, maana chini hakuna mtu tena.

Akaniambia, "Usikate sauti, kaka. Kidogo tu."

Sauti yake ileile. Hakuna ubaridi, hakuna mwangwi, hakuna hayo mnayoyasikia kwenye hadithi. Nikaendelea, naye akaingia, mmmmm. Jamani, hatukuwahi kuishika vile. Ilisimama kabisa, haipandi, haishuki, na mimi ndani yake nikawa sijui mkono ni wangu au ni wake. Machozi yalinitoka kwa furaha. Nalisema hili na aibu yangu yote: nilifurahi. Kivuli cha nguzo ya duara kilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu wangu nilipoanza, kikafika kisiginoni, kikahama mguu mzima, na mimi bado nimeishika.

Akaja Mama Shija, mama lishe wetu, na sahani imefunikwa.

"Mwadila," akanisalimia. "Ugali wa Doto unapoa huu. Bado hajapanda?"

Nikacheka. "Si huyu hapa?"

Akaangalia kushoto kwangu. Akaniangalia mimi. "Huyu yupi, baba?"

Nikageuka nimwonyeshe, na nilipogeuka upinde ukatoka kwenye uzi. Sauti ikakatika. Pale pembeni yangu vumbi lilikuwa limelala vilevile, halijakaliwa na mtu. Na nyuma yangu nikasikia vishindo vya watu wote wakiinuka na kukimbia kuja duarani, kama tulivyokubaliana.

Walifukua mpaka jua likazama. Walipomtoa, mchimbaji mmoja mtu mzima, mzoefu, aliyaangalia mashapo akasema udongo ulianguka mara mbili. Mara ya kwanza ulimbana Doto miguu tu. Wa pili ndio uliomfunika, na ulikuja baadaye. Alikuwa amekwaruza ukuta kwa vidole, kucha zimeisha. Mzee yule hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaeleza kazi. Lakini unaelewa alichoniambia? Kati ya ule udongo wa kwanza na wa pili mdogo wangu alikuwa hai. Alikuwa anajifukua chini ya miguu yangu, na mimi nilikuwa juu napiga sauti ya shwari. Kama ningekata, wangekuja. Aliyenizuia nisikate ni yeye mwenyewe.

Mama yetu ana maelezo yake. Tulipomrudisha Samuye kumzika, alinishika kichwa akasema, "Alikuzuia, mwanangu. Mngekimbilia mle ndani wote, udongo wa pili ungewameza. Alijua. Alikuwa anawaokoa." Wanaume sita wa duara lile wanaamini hivyo, na wakinisalimia wanaondoa kofia. Mimi namwitikia mama, "Ndiyo, mayu." Ningemwambia nini? Lakini najua namna Doto alivyosema "kidogo tu". Hakusema kama mtu anayeokoa watu. Alisema kama mtu anayeogopa kubaki peke yake.

Zeze nimelitundika kwa mama, uzi nimeutoa. Haikusaidia. Kitu chochote kinachonguruma bila kubadilika, mashine ya kusaga, jenereta, nyuki ukutani, nikikaa nacho kidogo kile kisauti kingine kinatokea ndani yake, na ni cha kwake.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Kama umepewa ishara ya kuwalinda watu, halafu umpendaye akaja akakaa pembeni yako akakuomba uiache iendelee, usimwangalie usoni, usimwulize. Kata. Moyo upasuke, lakini kata.

Mimi mwenyewe nimeshindwa. Wiki iliyopita niliingia duka moja kununua chumvi, friji linanguruma kwenye kona, na Doto akaingia, mmmmm, palepale. Yule mama wa duka alitaka kuchomoa waya achajie simu. Nikamshika mkono, mtu mzima na ndevu zangu, nikamwomba.

"Usikate, dada. Kidogo tu."